Pini Nyekundu Jikoni kwa Bi Tu

Sehemu ya Tisa

Mliiacha pini ikiwa bado inatetemeka.

Ilikuwa pini ndogo yenye kichwa chekundu cha plastiki. Kijana Yen Po-jui, afisa wa mipango miji aliyehamishiwa mji huu miezi miwili tu iliyopita, alikuwa ameichoma kwenye ramani mbele ya mkutano mzima wa mtaa. Mahali ilipochomwa ndipo halmashauri ilipokusudia kujenga maktaba mpya ya watoto. Na mahali ilipochomwa palikuwa jikoni kwa Bi Tu Chin-yeh.

Haikuwa karibu na jiko, wala uani. Ilikuwa juu ya jiko lenyewe, pale penye sufuria ya supu ya bata ambayo Bi Tu ameikoroga kila asubuhi kwa miaka thelathini na minane.

Bi Tu, mjane wa miaka sitini na sita, alikuwa ameketi mstari wa mbele na fungu la vitunguu vya majani mapajani. Akaitazama ramani. Akavaa miwani, akaitazama upya.

"Kijana," akasema, "toa sindano yako jikoni kwangu."

Yen akaeleza kwa adabu kwamba si yeye aliyechagua, ni kompyuta. Kompyuta ilikuwa imepewa anwani ya kila mtoto wa mtaa aliye chini ya miaka kumi na miwili, kama ilivyoandikwa katika daftari la kaya, nayo ikatafuta mahali pamoja ambapo, watoto wote wakienda maktaba kwa miguu, jumla ya hatua zao ingekuwa ndogo kuliko mahali pengine popote. Kisha akabonyeza kitufe, na ukutani likatokea duara la kijani lenye upana wa mita mia nne kila upande. Hilo, alisema, ndilo eneo la huduma. Alilitazama duara lile kama baba anavyomtazama mzaliwa wake wa kwanza.

"Kinachoivuta pini ni nyumba moja tu," akaongeza. "Nyumba hii ina watoto thelathini na mmoja."

Watu wakaanza kuyachunguza mapangaboi ya darini kana kwamba yalifungwa asubuhi ile.

Msomaji uliyejiunga nasi leo, sogea karibu, ujue jambo ambalo mtaa mzima ulilijua isipokuwa Yen.

Shule ya Msingi ya Yungchuan, iliyotazamana na duka la supu la Bi Tu, ambalo ndilo pia nyumba yake, ndiyo shule inayosifiwa kuliko zote mjini. Hupokea tu watoto ambao majina yao yameandikwa katika kaya zilizo ndani ya eneo lake. Maghorofa mapya ya ng'ambo ya mto yako nje ya eneo hilo. Basi siku moja mzazi wa ng'ambo alimjia Bi Tu na nanasi, akamwomba jina la mwanawe liandikwe kwake. Sheria haimruhusu mtoto kuhama peke yake, sharti mzazi mmoja ahame naye. Mama hubaki ng'ambo ili nyumba yao isihesabiwe tupu, na baba ndiye huhama, kwa karatasi. Baada ya nanasi la kwanza likaja la pili, na Bi Tu hakuwa mtu wa kumrudisha mgeni na nanasi lake.

Kwa hiyo, kwa mujibu wa daftari la serikali, mjane Tu Chin-yeh aliishi katika vyumba viwili na jiko pamoja na watoto thelathini na mmoja na waume za watu thelathini na mmoja.

"Bibi, nakupongeza," Yen akasema kwa moyo mweupe kabisa. "Nchi nzima inalalamika kwamba watu hawazai, kumbe wewe una darasa zima nyumbani."

Mtu mmoja nyuma akakohoa, kikohozi kikamgeukia kicheko, akatoka nje.

Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Hsiung Kuang-ta, aliyekuwa na uchaguzi baada ya wiki tatu, alisimama haraka kabla mambo hayajaharibika. Alisema hii ni heshima kubwa kwa mtaa, na hasa kwa mwenyekiti wake. Hakusema kwamba alikuwa amekwisha kuchapisha bango lenye uso wake na maktaba nyuma yake.

Bi Tu akasema heshima hiyo apewe mwenyekiti, maktaba ijengwe sebuleni kwake.

Ndipo Yen alipotoa habari iliyomhusu kila baba aliyekuwa ukumbini. Pingamizi kama hilo la Bi Tu ni haki ya raia, alisema, na likiwekwa, ofisi ya daftari la kaya hulazimika kumtuma afisa kuhakiki. Afisa angefika kwa Bi Tu keshokutwa, saa kumi alasiri. Akiwakuta wakazi wote sitini na watatu, pini itabaki ilipo na nyumba itabomolewa. Asipowakuta, majina yatafutwa, watoto watatolewa Yungchuan, na pini itaondoka yenyewe.

"Maana yake ni nini?" Bi Tu akauliza, ingawa alikwisha kuelewa.

"Maana yake, Bibi, ni kwamba nyumba yako itapona kama hao watoto hawapo."

Bi Tu akakusanya vitunguu vyake, akatoka bila kuaga.

*

Saa moja baadaye, nanasi likaingia dukani, na nyuma yake akaingia Dakta Kang Wei-chih.

Dakta Kang alikuwa daktari wa meno, kiongozi wa akina baba thelathini na mmoja, na kwa karatasi alikuwa amekaa kwa Bi Tu mwaka wa tatu sasa bila kuonja hata mto wa kulalia. Wenzake walijipanga barabarani, kila mmoja akisukumwa na mwenziwe aingie kwanza.

Alianza mbali, kwa kusifu supu. Bi Tu akamwambia aje karibu.

"Bibi, tunaomba saa moja tu," Kang akasema. "Keshokutwa tutakuja na pajama zetu, tutalalalala hapo chumbani, afisa ataona, ataondoka. Basi."

"Afisa akiona, nyumba yangu inabomolewa."

"Asipoona, watoto wanafukuzwa shule."

"Nani aliwatuma mkazae ng'ambo ya mto?"

Kang akatoa silaha yake ya mwisho. "Lakini Bibi, mwanangu anakuita bibi."

"Kila mtoto wa mji huu huniita bibi. Hata wewe unaniita bibi, na upara unao."

Kang akaushika upara wake kwa mkono, akaonekana kweli ameumia. Alisema halmashauri hulipa fidia nzuri, na kwamba Bi Tu angeweza kupata duka jipya, safi, lenye kiyoyozi. Bi Tu akamwuliza kama meno ya mgonjwa wake yakiwa mazima, huwa anayang'oa kwa sababu kuna mapya, safi, ya plastiki.

Wakati huo kengele ya Yungchuan ikalia. Lango likafunguka, na duka likajaa.

Watoto waliingia kama kawaida yao, mikoba mgongoni, wakigombea viti vya karibu na dirisha. Nusu bakuli, nusu bakuli, nusu bakuli, yule wa miwani bila kitunguu, yule wa Lu anayetaka tambi zikatwe fupi, binti wa Kang anayetaka mchuzi mpaka ukingoni. Walikuwa wakisubiri wazazi wao hapo kila siku hadi saa kumi na mbili. Bi Tu aliwahudumia wote bila kuuliza, kwa maana aliujua mdomo wa kila mmoja. Alipomaliza, alikuwa amechota nusu bakuli thelathini na moja, na hasira yake ilikuwa imepungua kidogo.

Akarudi kwa Kang, akafuta mikono kwa aproni.

"Sikilizeni, na nyinyi mlioko nje msikie. Mimi siwezi kuwafukuza watoto hawa kwa mdomo wangu. Wala siwezi kuitoa nyumba yangu kwa mdomo wangu. Njooni na pajama zenu. Afisa atawauliza nyinyi, mtajibu nyinyi. Akiniuliza mimi, nitasema kweli. Tusilaumiane."

Akina baba walishangilia. Walikuwa watu waliosoma, wahandisi, mawakili, mmoja mhasibu wa kiwanda cha baiskeli. Haikumpitia hata mmoja wao akilini kwamba kuishi mahali fulani kunaweza kuwa na mtihani.

*

Keshokutwa, saa tisa alasiri, foleni ya wanaume wenye mabegi ilianzia mlangoni kwa Bi Tu ikaishia kwa kinyozi.

Wengine walikuwa wametoka kazini moja kwa moja, wakavaa pajama juu ya shati na tai. Kandambili zilifunika sakafu yote. Miswaki thelathini na mmoja ilipangwa ndani ya kopo la vijiti vya kulia, na mzee mmoja mteja, asiyejua lolote, akatwaa miwili, akaanza kuichovya katika tambi zake. Mtu alileta picha ya familia akaitundika ukutani. Ilikuwa picha ya arusi, na bibi arusi hakuwa Bi Tu.

Palitokea ugomvi kuhusu nani alale wapi. Wahandisi walipima vyumba vyote viwili na kuthibitisha kwamba wanaume kumi na watano wataenea katika kila kimoja wakilala ubavu, vichwa na miguu kwa kupishana. Mawakili hawakukubali miguu. Hatimaye walibanana sakafuni kama dagaa waliomwagwa kwenye kapu, na mmoja akakosa nafasi, akaambiwa asimame karibu na friji ajifanye anatafuta maji.

Saa kumi kamili, afisa wa daftari la kaya akaingia.

Alikuwa Bi Pien Su-hua, mwanamke mfupi, viatu bapa, miaka ishirini na tisa kazini. Alikuwa na daftari kubwa kwapani. Yen alimfuata nyuma na kompyuta yake. Bi Pien hakusalimu mara mbili. Alitazama kandambili, akatazama miswaki, akatazama picha ya arusi kwa muda mrefu kidogo, kisha akaingia chumbani.

"Unalala hapa?" akamwuliza wa kwanza.

"Ndiyo, Afisa. Kila siku."

"Na huyu?"

"Hapahapa pia."

"Juu yako?"

"Kwa zamu," akadakia Kang kutoka pembeni.

Bi Pien akaandika: kwa zamu. Akamwuliza yule wa kwenye friji ana uhusiano gani na mwenye nyumba. Akajibu kwamba ni mpwa wake. Wa pili naye akasema mpwa. Wa tatu, kwa kuona wapwa wamezidi, akasema ni mkwe. Bi Pien akamtajia kwamba kwa mujibu wa daftari Bi Tu hakujaliwa mtoto. Mkwe akajifunika shuka.

Kisha akamgeukia Bi Tu. "Bibi, watu hawa unawafahamu?"

"Nawafahamu vizuri."

"Wanafanya nini kwako?"

"Wanakunywa supu."

Bi Pien akaandika na hilo. Alikuwa hajawanasa bado. Uongo ulikuwa mwingi, lakini uongo haukuwa ushahidi. Wanaume walikuwapo, pajama zilikuwapo, na majina yalilingana na daftari moja baada ya jingine, watoto waliokuwa bado shuleni wakihesabiwa pamoja na baba zao. Alipofika jina la ishirini na nane, Kang alianza kupumua vizuri. Bi Tu, aliyesimama kando ya sufuria, alianza kupumua vibaya. Kila jina lililopata alama lilikuwa tofali moja kutoka ukutani kwake.

Ishirini na tisa. Thelathini.

Ndipo wimbo ukasikika kutoka mwisho wa barabara.

Ulikuwa ule wimbo mwembamba wa kinanda wa gari la taka. Katika mitaa ya zamani hakuna anayeacha mfuko wa taka nje. Gari hupita kwa saa yake, likipiga wimbo, na kila aliye hai hutoka mbio na mfuko mkononi. Mtu akichelewa, hukaa na maganda yake mpaka gari jingine. Katika maghorofa ya ng'ambo, kila jengo lina chumba chake cha taka na mtu wa kukisimamia.

Bi Tu alikuwa amekwisha kutoka mlangoni kabla hajajua kwamba miguu imemtoa. Kinyozi alitoka na wembe. Mteja wake alitoka na povu. Mzee wa miswaki alitoka na mifupa ya bata. Hata Bi Pien, anayeishi mtaa wa tatu kutoka hapo, mkono wake ulidaka mfuko uliokuwa chini ya meza na viatu vyake bapa vikampeleka nje, na akaurusha ndani ya gari kwa ustadi wa miaka mingi kabla ya kukumbuka kwamba yuko kazini na taka si zake.

Aliporudi, wanaume thelathini na mmoja walikuwa vilevile alivyowaacha, kwa utii mkubwa.

"Wimbo mzuri," mmoja alikuwa akimwambia mwenzake. "Nadhani ni gari la aiskrimu."

Bi Pien akalifunga daftari.

"Mtu wa mtaa huu," akasema taratibu, "hata awe na homa, wimbo ule ukilia anaruka. Hakuna hata mmoja wenu aliyekunja goti. Vaeni viatu vyenu."

Kang akaketi sakafuni, akavuta magoti kifuani, upara wake ukawa mwekundu kama pini ya Yen.

Bi Pien akatoa fomu moja tu. Mkuu wa kaya atie sahihi kwamba watu sitini na wawili waliotajwa hawaishi kwake. Majina hayafutwi bila sahihi hiyo; Bi Tu akiitia, nyumba yake ingepona dakika ileile.

Bi Tu akapokea kalamu. Akaitazama sufuria. Alikuwa ameshinda. Aliwaza nusu bakuli thelathini na moja. Akaiweka ncha ya kalamu juu ya karatasi.

"Subirini kidogo," Yen akasema.

Sauti yake haikuwa sauti ya siku zote. Alikuwa ameketi meza ya pembeni akiwarudisha watoto thelathini na mmoja kwa mama zao ng'ambo ya mto katika hesabu, ili aone pini inahamia wapi. Sasa alikuwa akikodolea macho kioo cha kompyuta kana kwamba kimemtukana.

"Maktaba imeondoka," akasema. "Lakini na shule pia."

"Shule ipi?" Bi Pien akauliza.

"Hiyo hapo mbele. Yungchuan."

Akawageuzia kioo. Duara la maktaba lilikuwa limevuka mto, kama lilivyotarajiwa. Lakini duara la shule, lile kubwa la buluu lililokuwapo tangu zamani, lilikuwa limefifia mpaka likawa mstari mwembamba usiozunguka kitu. Yen akaeleza, na safari hii hakuonekana kufurahia maelezo yake. Juma lile Bi Pien alikuwa amekwisha kuhakiki nyumba nyingine za eneo la shule. Kwa kinyozi yalifutwa majina ya watoto ishirini na wawili. Kwa Mwenyekiti Hsiung mwenyewe, ishirini na sita. Mtaa ni wa wazee. Watoto wa kweli waliobaki ndani ya eneo la Yungchuan walikuwa wanne.

"Na shule yenye watoto wasiofika thelathini ndani ya eneo lake," akamalizia, "huhamishiwa waliko watoto. Hawa wa kwako, Bibi, ndio waliobaki wakiishikilia."

Kisha mmoja wa wahandisi akainua kichwa kutoka kwenye mto.

"Inahamia wapi?"

"Ng'ambo."

"Ng'ambo sehemu gani?"

Yen akapima. "Mita sitini kutoka lango la maghorofa yenu."

Ungedhani gari la taka limerudi, na safari hii wameusikia wimbo. Wote thelathini na mmoja waliruka kwa pamoja. Shule ileile, walimu walewale, na mtoto angeweza kwenda na kandambili. Kang alikuwa wa kwanza kufika mezani, pajama zake zikiwa zimefunguka vifungo viwili.

"Bibi," akasema kwa upole mkubwa, "tia sahihi."

"Juzi ulinipigia magoti nisiwakane."

"Juzi ilikuwa juzi, Bibi. Wewe ulisema ukiulizwa utasema kweli. Kweli ni kwamba sisi hatuishi hapa. Kwa nini tumdanganye afisa wa watu?"

Wenzake wakaitikia kwamba uongo ni jambo baya sana. Yule mkwe akasema yeye tangu mwanzo hakuupenda.

Bi Tu akatazama nje kupitia dirishani. Lango la shule lilikuwa wazi. Bila shule, angebaki na nyumba yake nzima, jiko lake zima, sufuria yake nzima, na wa kumchotea angekuwa kinyozi na mzee wa miswaki. Duka lile halijawahi kuishi kwa wazee. Wazee hunywa bakuli moja wakalikalia saa tatu.

"Mwanangu," akamwambia Yen, "nikitia sahihi?"

"Shule inaondoka, Bibi."

"Nisipotia?"

"Fomu haitimii, majina yanabaki. Shule inabaki. Na pini inabaki jikoni."

"Na hiyo mashine yako haina jibu la tatu?"

Yen alitazama chini. Masikini, alikuwa kijana mwema, na kwa miezi miwili alikuwa akila chakula chake cha mchana katika duka lile. "Inatoa jibu moja tu, Bibi. Lile lenye hatua chache kuliko yote."

"Umewahi kutembea hatua hizo wewe mwenyewe?"

Hakuwahi. Alizihesabia ofisini.

Bi Tu akaiweka kalamu mezani, taratibu, sambamba na fomu. Akatembea mpaka mlangoni. Akatwaa ufito wenye ndoana, akaudaka mlango wa chuma uliokunjwa juu, akauvuta kwa nguvu zake zote. Mlango ukashuka kwa kishindo, duka likawa giza nusu, na kufuli likalia.

Akaupitisha ufunguo shingoni mwa blauzi yake na kuutumbukiza kifuani, mahali ambapo hakuna hata mmoja kati ya wanaume wale thelathini na mmoja aliyethubutu kupatazama, sembuse kuufuata.

"Daftari limesema mnaishi kwangu miaka mitatu," akasema. "Basi leo mtaishi. Hatoki mtu humu mpaka huyu kijana apate pa tatu pa kuchoma pini yake."

"Bibi Tu," Bi Pien akasema, "kumfungia ndani afisa wa serikali ni kosa."

"Liandike. Kalamu iko mezani."

Bi Pien akaitazama kalamu. Akatazama mlango. Kisha, kwa mshangao wa wote, akavuta kiti, akaketi, akaomba bakuli moja, bila kitunguu.

Kang alianza kulia kwamba ana mgonjwa saa kumi na moja, meno ya juu yote. Mawakili wakaanza kubishana kama hiki ni kifungo au ni makazi. Yen alikuwa amepiga magoti sakafuni, ameitandaza ramani juu ya kandambili, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa akichora kwa penseli. Aliuchora mto. Aliichora Yungchuan. Alikuwa akipima nafasi ndogo kati ya lango la shule na daraja, nyusi zimekutana, na midomo yake ilianza kujongea kama ya mtu anayekaribia kuona kitu.

"Bibi," akanong'ona, "nyuma ya ukuta wa shule, pale penye jengo la kijani lililofungwa, ni mali ya nani?"

Bi Tu hakupata nafasi ya kujibu. Nje ngoma zililia, na fataki zikafuatia, na kipaza sauti kikakwaruza. Mwenyekiti Hsiung hakuwa amesubiri uhakiki umalizike; sauti yake ilikuwa tamu kama sharubati, na nyuma yake injini ya mashine nzito ya kubomolea ilikuwa ikinguruma mfululizo.

"Bibi Tu, tufungulie. Mheshimiwa Meya amefika kuweka jiwe la msingi."

Kulikuwa na minong'ono nje, na hatua za viatu vizuri zikakaribia. Kiganja kikagonga chuma mara tatu. Sauti nyingine, ya mtu aliyezoea kujibiwa, ikauliza kwa utulivu:

"Mwenyekiti, una hakika hakuna anayeishi humu?"

Ndani, wanaume thelathini na mmoja waliovaa pajama wakamgeukia Bi Tu, kila mmoja akisubiri kuambiwa anaishi wapi.